TA Ianguke, ME Inyanyuliwe: Maandishi Yanayotembea Katika Tangazo la Jimu

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja. Kwa baridi hii ya Mbeya, mtu angebaki nyumbani nisingemlaumu.

Mmeniomba nieleze lile tangazo la video nililoitengenezea jimu, lenye maneno yanayojinyanyua. Naanza na neno lenyewe. Mwulize mtu yeyote pale Kabwe mwenye kitambi: vipi, tizi unapiga? Atakujibu, "Nitaanza Jumatatu." Haya, andikeni kwenye daftari: NITAANZA. Chini yake andikeni NIMEANZA. Hesabuni herufi. Nane kwa nane. NI ipo palepale, ANZA ipo palepale, zimebadilika mbili tu za katikati. Tangazo zima ni hilo: TA inaanguka, ME inapandishwa kukaa mahali pake.

Mafunzo mengi ya animesheni tunayoyaona mtandaoni yanarusha herufi mojamoja, au yanaleta neno zima kwa mkupuo. Neno la Kiswahili lina viungo, kama goti na kiwiko, na linakunjika penye kiungo. Ukiirusha N kivyake na I kivyake, umelichinja neno, na mtazamaji anahangaika kuliunga badala ya kulisoma.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa aibu. ME ilipanda kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, laini kabisa, kama puto. Mteja akaniuliza, "Hicho chuma ni cha kilo ngapi?" Nikanyamaza. Kesho yake nikaenda sokoni Mwanjelwa, nikaomba ruhusa, nikawarekodi makuli wakipandisha lumbesa za viazi kwenye gari. Siku ile nilijifunza kuliko mwezi mzima mbele ya kompyuta. Kuli hainuki moja kwa moja. Kwanza anashuka, anachuchumaa. Anatulia. Kisha gunia linaondoka polepole sana, linakwama kidogo usawa wa kiuno, halafu ghafla liko begani. Kulitua je? Kufumba na kufumbua.

Basi nikapima mwendo kwa fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda video. Video yangu ina fremu 25 kwa sekunde. TA nikaipa fremu 4 tu kuanguka, na ilipogonga chini nikazitikisa NI na ANZA kwa fremu 2, ili jicho lihisi kishindo. Wengi wanaitazama wakiwa kwenye daladala, sauti imezimwa, kwa hiyo kishindo kionekane. ME nikaipa fremu 22: izame kidogo kwanza, ikwame katikati, ndipo ipande. Uzito mtu hauoni kwenye unene wa herufi. Anauona kwenye muda.

Kuna jambo dogo lililonifurahisha. Katika fonti nyingi, yaani mitindo ya herufi, M ni pana kuliko T, kwa hiyo ME haitoshi kwenye pengo lililoachwa na TA. Ningeweza kulipanua pengo mapema, kwa siri. Nikaona hapana, acha ME iisukume ANZA kwa bega, kama abiria anayejibanza kwenye siti ya watu watatu.

Unene nao niliujaribu, nisiwafiche. Tangu 2016 zipo fonti zinazobadilika, unaweza kuivuta herufi kutoka wembamba hadi unene bila kubadili faili. Nikasema ngoja ME ivimbe kama misuli. Nikamwonyesha mdogo wangu. Akacheka: "Kaka, hiyo imeota kitambi." Nikaifuta.

Rangi sina mengi. Nyeusi na njano, basi. Vipimo ni vya simu iliyosimama, pikseli 1080 kwa 1920, na hapo maneno yetu marefu yanatutesa. Chagueni fonti nyembamba yenye mwili mrefu, msiibane fonti pana kwa mkono, herufi zinaharibika.

La mwisho ni namba ya simu. Mteja aliitaka izunguke kama sahani ya chuma kwenye mtalimbo. Nikamwambia namba isicheze, mtu anainakili; ikae tuli sekunde tatu nzima. Akasema sekunde tatu za kitu kilichosimama ni hela inapotea. Tukabishana mpaka chai ikapoa, ingawa kwa Mbeya ya Julai chai haihitaji ubishi mrefu. Namba ikabaki tuli. Zimeni taa, niwaonyeshe.