Dema lililosukwa samaki akiwa ndani

Haya, wa nyuma mnanisikia? Poa. Humu kichupani kuna unga wa HKUST-1, hizo herufi ni za chuo kikuu kimoja cha Hong Kong walikoutengeneza 1999, na sasa hivi umekuwa bluu ya kukoza karibu zambarau kwa vile nimeukausha kwenye oveni, ukifungua tu mfuniko unaanza kunywa unyevu wa humu ndani mpaka rangi inarudi ile ya maji ya bahari, yaani una vitundu kila mahali.

Ulivyojengwa sio kazi kuelewa, shaba ndo maungio, molekuli za kaboni ndo fito. Familia nzima ya vitu vilivyojengwa hivi, metali ikiunga fito za kaboni, tunaiita mofu (MOF), na ndo iliyowapa wanakemia Kitagawa, Robson na Yaghi Nobeli ya kemia 2025.

Sasa kuna mwenzake, klasta ya oksidi, yaani kifungu cha atomi za metali zilizoshikana na oksijeni. Tungsteni 12 na oksijeni 40 zimeizunguka fosforasi 1, kidude cha mviringo cha kama nanomita 1, umbo lake alilionyesha mwanakemia Keggin kwa eksirei miaka ya 1930. Ni asidi kali na kichocheo kizuri mno, yaani inaharakisha mmenyuko bila yenyewe kuisha, ila kwenye maji inayeyuka kama chumvi, ukishamaliza kazi kuipata tena ndo kasheshe.

Hapa ndo napapenda mimi. Vyumba vya HKUST-1 vinaitosha hiyo klasta, lakini madirisha ni madogo kuliko klasta yenyewe, sasa iliingiaje? Haikuingia! Unachanganya chumvi ya shaba, zile fito na klasta kwenye maji, unafunga kwenye chombo cha chuma, unapasha moto, halafu vyenyewe vinajipanga, nyumba inajijenga kuizunguka klasta. Dema mnalijua, samaki anapita mdomoni, hili limesukwa samaki akiwa tayari ndani. Molekuli ndogo zinaingia zinatoka, yeye habanduki.

Na kazi anaifanya. 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, Marekani, walifungia humo klasta ambayo tungsteni 1 imetolewa ikawekwa shaba, wakaipa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, pamoja na hewa hii hii tunayovuta, gesi ikageuka salfa na maji. Klasta ikiwa peke yake ilikuwa inasuasua, na kilichonifurahisha zaidi, kwenye maji wote wawili walikuwa imara kuliko kila mmoja akiwa kivyake, mpangaji anaishikilia nyumba na nyumba inamshikilia mpangaji.