Draiva Husingiziwa: Kutafuta Ugonjwa wa Kompyuta ya Kuunganisha

Vijana wangu, karibuni. Leo tuzungumzie kompyuta ya kuunganisha, ile ambayo mteja amenunua kila kifaa kivyake, mazabodi (bodi kuu) duka hili, kadi ya grafiki duka lile, kisha inajizima katikati ya kazi. Hakuna kiwanda kilichowahi kuipima ikiwa nzima. Kwa hiyo ikisumbua, anayeulizwa ni wewe fundi.

Mafundi wengi tuna mazoea ya kupiga Windows. Mteja akisema inaganda, tunapiga Windows, yaani tunaifuta na kuiweka upya. Ikirudi wiki inayofuata, tunabadilisha draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa. Nawaombeni kwa dhati tuache. Hela ya mteja inaliwa, mafaili yake yanapotea, na ugonjwa uko palepale.

Chukueni kisa cha mwaka 2024. Wachezaji wa gemu wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile za daraja la juu, walikuwa wakipata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imejaa, hata wale wenye kadi za GB 24! Watu wakahangaika na draiva, mpya kwa ya zamani. Aprili mwaka huo NVIDIA, watengenezaji wa kadi za grafiki, wenyewe wakawaelekeza wenye tatizo hilo waende Intel, watengenezaji wa prosesa. Prosesa ndiyo iliyokuwa ikikosea hesabu gemu inapofungua data zilizobanwa, na kosa likaja kuonekana upande wa grafiki. Baadaye Intel walieleza kuwa volti zilizozidi pamoja na joto vilichakaza sakiti inayoongoza mapigo ya saa ndani ya prosesa. Agosti 2024 ikatoka maikrokodi 0x129, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, inayoingia kwa kusasisha BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha mashine, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Lakini shikeni hili: maikrokodi ile inakinga tu. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi, inabadilishwa.

Ujumbe wa kosa ni kama mtu anayepiga yowe usiku: unajua mtaa ulioingiliwa, lakini mwizi bado hujamwona.

Mteja mwingine atakufungulia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, akuonyeshe tukio la Kernel-Power 41, akiamini huo ndio ugonjwa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Ingia kwenye maelezo yake, tafuta BugcheckCode, namba ya kosa lililoiangusha Windows. Ikiwa ni sifuri, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kutoa skrini ya buluu. Hapo anza na umeme: soketi ya ukutani, waya, pawa saplai.

Na kwenye umeme tukae kidogo. Kuna mashine ililetwa, ya kijana anayehariri video. Ikikaa bure inatulia siku nzima. Akianza kutoa video, inazima ghafla na kuwaka upya. Kadi yake ilikuwa na matundu mawili ya pini 8, yote yakilishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Kila tundu la pini 8 limepangiwa wati 150, na sloti ya mazabodi inatoa wati 75. Kadi za siku hizi huvuta umeme kwa mirupuko ya ghafla, na pawa saplai ikiona mrupuko kwenye waya ule inajilinda kwa kuzima. Tukamchomekea nyaya mbili, kila tundu na waya wake. Ikatulia.

Multimita iwe mkononi. Volti 12 inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6, na upime mashine ikiwa imebeba mzigo, maana ikiwa imekaa bure hata pawa saplai mbovu itakuonyesha namba nzuri. Na jamani, waya wa pawa saplai moja msiuchomeke kwenye nyingine kwa sababu tu umeingia. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka. Diski inaungua papo hapo, na kila kilichokuwemo kinakwenda nayo.

RAM nayo ina visa vyake. Vijiti viwili kwenye mazabodi yenye sloti nne kwa kawaida hukaa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. XMP, mpangilio wa kwenye BIOS, ni kuikimbiza RAM kupita kasi ya kawaida, kwa hiyo izime kwanza ndipo upime. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha, na ikileta kosa hata moja, pima kijiti kimoja kimoja. Huku kwetu pwani, chumvi na unyevu hushika miguu ya RAM. Isafishe kwa spiriti kabla hujaihukumu.

Umeme na RAM vikiwa safi, sasa draiva. Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu. Isipojibu, draiva inawashwa upya na skrini inapepesa. Kata intaneti, ingia hali salama (Safe Mode), ondoa draiva kwa DDU, programu ya kufuta draiva ya grafiki kabisa, kisha weka uliyoipakua kabla kutoka kwa mtengenezaji. Usipokata intaneti, Windows inaweza kuweka ya kwake kabla hujamaliza. Badilisha kitu kimoja, pima, andika daftarini, ndipo uguse kingine.

Tatizo likijirudia kwenye draiva mbili tofauti, hamishia kadi kwenye mashine nyingine. Ikisumbua na huko, kadi ni mbovu. Ikitulia, rudi kwenye pawa saplai ya mashine ya kwanza na multimita yako.