Fataki za KICC, Paa la Ngara na Pakiti ya Unga

NEKESA: Karibuni tena kipindini. Leo mwenzangu ana dhambi ya kuungama.

OTIENO: Dada, ningoje kwanza nimeze chai.

NEKESA: Si wewe uliyenunua kamera ya mtumba ukatuambia usiku wa mwaka mpya utapiga picha za fataki za KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya Nairobi, tuone maajabu?

OTIENO: Maajabu yalikuwepo. Picha mia moja na themanini, zote ukungu. Nilisimama kando ya Uhuru Highway, watu wamefurika, kamera nimeiachia ijiamulie kila kitu. Flashi inawaka, inamulika kisogo cha mzee aliye mbele yangu. Nina kisogo kizuri sana pale nyumbani. Nyuma yake, kwa mbali, kitu kama yai limepasuka.

NEKESA: (anacheka) Kosa lilikuwa wapi hasa?

OTIENO: Nilidhani fataki ni kitu cha kudaka, kama kuku anayetoroka. Kidole kikawa kinafukuzana na mlio. Kumbe fataki ni cheche inayosafiri. Usipoipa muda, unapata nukta tu. Unaiacha shata, yaani kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi sekunde mbili, tatu, nne, cheche inajichorea mstari yenyewe, na ua linatokea.

NEKESA: Mimi hapo ningeogopa. Sekunde nne, na taa zote hizi za mjini, picha haitaungua?

OTIENO: Hapo ndipo nilipochelewa kuelewa. Cheche haitulii. Inapita mahali mara moja, inaondoka. Hata ukingoja sekunde kumi, mstari wake hauzidi kung'aa. Mwangaza wa mstari unaamuliwa na tundu la lenzi linaloingiza mwanga, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga. Mimi ISO naiweka 100, tundu f/8 au f/11; namba ikipanda, tundu linakuwa dogo. Nikiona nyekundu imepauka ikawa nyeupe, nabana tundu.

NEKESA: Na muda kazi yake nini?

OTIENO: Muda unaamua maua mangapi yatajazana kwenye picha moja. Tena unaamua majengo, maana yenyewe hayaendi popote. Madirisha yanazidi kuwaka kadiri unavyongoja. Mwaka uliofuata sekunde tatu zilinitosha.

NEKESA: Mwaka uliofuata ulikuwa wapi? Usiniambie kando ya barabara tena.

OTIENO: Ngara, mtaa ulio kaskazini mwa katikati ya mji, juu ya paa, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Keateka, yule mtunza jengo, alinipa ufunguo baada ya maneno mengi. Stendi yangu ya kamera ni ile nyepesi, upepo ukivuma inatetemeka, kwa hiyo nikaining'inizia pakiti ya unga ya kilo mbili.

NEKESA: Unga wa ugali?

OTIENO: Kesho yake tuliula. Shata nayo sikuigusa kwa kidole, niliweka taima ya sekunde mbili. Rimoti ni bora, lakini sina.

NEKESA: Fokasi je? Gizani kamera yangu hutafuta na kutafuta kama mtu aliyepoteza miwani.

OTIENO: Usingoje mpaka fataki zianze kulipuka. Saa tano na nusu nililenga taa za juu za KICC, nikakuza picha kwenye skrini, nikazungusha lenzi polepole mpaka taa zikawa vinukta vidogo kabisa. Nikazima fokasi ya kujiendesha, nikabandika selotepu kwenye lenzi isisogee. Usizungushe tu mpaka mwisho, lenzi nyingi hupitiliza.

NEKESA: Ngara mbona? Wengi hukimbilia Upper Hill.

OTIENO: Moshi, dada. Desemba ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini mashariki. Moshi wa mjini unaelekea kusini magharibi, hukohuko Upper Hill. Mimi niliubakisha upande wa pili. Hata hivyo picha safi ni za dakika za mwanzo, baadaye hata Ngara anga huwa na vumbi vumbi la moshi. Ukichelewa kwa sababu unahangaika na menyu, umekwisha.

NEKESA: Nami niliyekaa nyumbani husikia mlio tu.

OTIENO: Pale juu unaona ua, unahesabu karibu tano, ndipo mlio unafika. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo usiusubiri mlio ndipo ubonyeze. Bonyeza ukiona mkia unapanda.

NEKESA: Wenye simu tu?

OTIENO: Kama ina sehemu ya kuweka mipangilio kwa mkono, sheria ni zilezile. Muhimu iegemee kitu, hata tofali. Na zima flashi, tafadhali, kwa ajili ya visogo vya wenzako.

NEKESA: Keateka alilipwa nini?

OTIENO: Alitaka picha yake, fataki zikiwa nyuma. Nikamwambia asitikisike sekunde tatu. Akasimama vizuri, halafu simu yake ikalia, ni mkewe na salamu za mwaka mpya. Kwenye picha KICC imenyooka, ua la kijani limekamilika, na yeye ni kivuli chenye mikono minne.

NEKESA: Akakasirika?

OTIENO: Ameiweka profaili ya WhatsApp mpaka leo.