Nje Kiza, Ndani Redio: Burudani ya BBC Wakati wa Vita Kuu ya Pili

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa utangazaji, karibuni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie burudani ya redio wakati wa vita. Nimechagua Uingereza ya 1939 hadi 1945, kwa sababu pale linaonekana wazi jambo ninaloliamini kabisa: burudani ile watu hawakupewa kwa hisani. Waliidai, na mara nyingine wakubwa waliitoa shingo upande.

Vita vilitangazwa tarehe 3 Septemba 1939. Serikali ikafunga majumba ya sinema na ya maigizo kwa hofu ya mabomu. Televisheni ilikuwa imeshazimwa siku mbili kabla. BBC ikaunganisha idhaa zake kuwa moja, na mitambo yake ikarusha kwa masafa yaleyale, ili marubani wa adui wasiyatumie mawimbi kujua walipo. Hapo siwalaumu. Lakini sikilizeni walichokiweka hewani: taarifa za habari zisizo na habari, maagizo ya serikali, santuri, na Sandy MacPherson akipiga kinanda, leo yeye, kesho yeye. Barua za malalamiko zikamiminika. Fikirieni watu wamejifungia ndani, madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi ili nuru isitoke nje, hakuna sinema, hakuna matembezi. Halafu redio nayo inawahutubia! Wengi wakaanza kuitafuta stesheni ya Hamburg, ambako Wajerumani walitangaza kwa Kiingereza. Mtangazaji wa huko walimbandika jina la Lord Haw-Haw, na mwanzoni mwa vita alisikilizwa na mamilioni.

BBC ikashtuka. Januari 1940 ilianzisha idhaa ya wanajeshi, iliyojaa muziki wa dansi, vichekesho na michezo. Ilikusudiwa askari waliokuwa Ufaransa, lakini raia nao wakaihamia, tena kwa wingi.

Sasa twende kwenye jioni yenyewe. Chukueni siku moja ya 1942, saa mbili na nusu usiku. Nyumba nyingi za mashamba hazina umeme. Redio inatumia betri ya maji, inayopelekwa dukani kuchajiwa, kwa hiyo chaji inatunzwa kwa ajili ya saa hii. Kinaingia kipindi cha vichekesho cha ITMA, yaani "It's That Man Again" (Ni Yule Yule Tena), cha mchekeshaji Tommy Handley wa Liverpool, kikiandikwa na Ted Kavanagh. Ni nusu saa ya maneno yanayokimbizana: mlango unafunguliwa, mtu anaingia, anatoa kauli yake ileile ya kila wiki, ukumbi unaangua kicheko, mlango unafungwa, anaingia mwingine. Wasikilizaji walimjua kila mmoja kwa sauti tu. Bi Mopp, mfagiaji wa ofisi, alitanguliwa na kishindo cha ndoo yake. Jasusi Funf alipiga simu kwa sauti ya kutisha, na sauti hiyo haikuhitaji mtambo wowote: Jack Train alisemea kwenye bilauri tupu. Vijana, hilo liandikeni. Bilauri moja, na nchi nzima ikawa inamwigiza Funf kwenye simu zake.

Kilichonivutia zaidi ni nani aliyechekwa. Funf alikuwa Mjerumani, sawa, lakini vita vilipoanza Handley alijifanya Waziri wa Kero na Mafumbo. Yaani serikali inatoa kanuni juu ya kanuni, fomu juu ya fomu, mgawo wa chakula na foleni zake, na shirika la umma linaruhusu mambo hayo yachekwe hewani, vita vikiendelea. Nao waigizaji wa ITMA walikuwa wamehamishwa mara mbili kwa usalama wao, kwanza Bristol, kisha, mabomu yalipoifikia Bristol, Bangor huko Wales, wakirekebisha maneno hadi karibu na kwenda hewani ili yaendane na mambo ya wiki ile. Hata familia ya kifalme ilikiomba: Aprili 1942 kilifanywa Windsor, kwenye kasri lao, Binti Mfalme Elizabeth alipotimiza miaka 16.

Saa tatu kamili, kengele ya Big Ben, kisha habari. Msomaji anataja jina lake, jambo ambalo kabla ya vita halikuwapo, ili adui asije akajifanya yeye. Usiku wa 15 Oktoba 1940 Bruce Belfrage alikuwa anasoma bomu lilipolipuka ndani ya jengo la BBC, London. Wasikilizaji walisikia kishindo cha mbali. Chokaa ya dari ilimdondokea, naye akaendelea kusoma. Wafanyakazi saba walikufa.

Maigizo nayo yalipata usiku wake: kuanzia Aprili 1943, kila Jumamosi, mchezo mzima wa redio.

Na mwimbaji Vera Lynn. Novemba 1941 alianza kipindi chake cha barua kwa askari: nyimbo za mapenzi na kuonana tena, salamu za wake, habari kwamba mtoto amezaliwa salama. Wapo waliolalamika kwamba nyimbo hizo zingelegeza mioyo ya wapiganaji. Bodi ya BBC iliandika katika kumbukumbu zake kwamba inasikitishwa na kipindi hicho, ila umaarufu wake umezingatiwa. Nasema kwa moyo wote, bodi ilikosea. Askari walijua wenyewe kilichowalegeza na kilichowasimamisha. Mwaka 1944 yule mama alisafiri hadi Burma kuwaimbia.

Burma hiyohiyo ndiko walikokuwa vijana wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa. Jeshi liliwaundia kikosi chao cha burudani, na ndani yake alikuwamo Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambaye baada ya vita gitaa lake na Kiswahili chake vilienea Afrika Mashariki nzima kwa santuri na redio. Hao wanastahili mhadhara wao, na nimewaandalia nyimbo za Konde tuzisikilize baada ya maswali. Karibuni, nani ataanza?