Django Imegoma kwa MariaDB ya XAMPP? Fuata Hivi

Assalaam aleikum, karibuni. Niko Ngamiani, Tanga. Mkisikia mngurumo, ni feni. Hapa nina mfumo mdogo wa mauzo ya machungwa ya Muheza. Jana ulikuwa mzima. Leo asubuhi mwenyewe kapandisha toleo la Django, ule mkusanyiko wa zana za Python uliojengea mfumo huu, umegoma.

Fungua CMD, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, andika `python manage.py migrate`. Maandishi yote hayo yaache, shuka mstari wa mwisho: `MariaDB 10.5 or later is required (found 10.4.32)`. Yaani Django inataka MariaDB, programu ya hifadhidata, toleo 10.5 kwenda juu, imekuta 10.4.32, ile inayokuja na XAMPP 8.2.12, kifurushi cha seva ya kwenye kompyuta yako. Django iliacha kuikubali 10.4 kuanzia toleo 5.1, Agosti 2024. Hakikisha kwa `python -m django --version`, kisha kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa XAMPP wa kusimamia hifadhidata, `SELECT VERSION();`.

Kuna wanaozima ule ukaguzi wa toleo. Ngoja niuzime muone. Mfumo umewaka, eti. Naingiza matenga mawili, nabonyeza Hifadhi... kosa 1064, karibu na neno `RETURNING`. Django ikiingiza rekodi mpya huomba papo hapo irudishiwe namba yake kwa `INSERT ... RETURNING`, na MariaDB imeanza kuielewa amri hiyo kwenye 10.5. Umemfunga mbwa mdomo, mwizi bado yumo ndani. Narudisha kama ilivyokuwa.

Ukibanwa na muda, `pip install "Django<5.1"` itakuvusha leo. Ila utapata 5.0, ambayo haipokei tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo usilale hapo.

Dawa yenyewe ni MariaDB mpya. Kwanza nakala. Ingia `C:\xampp\mysql\bin`:

`mysqldump -u root -p mauzo > mauzo.sql`

Tumia CMD, tafadhali. PowerShell ya Windows huiandika nakala kwa UTF-16, usimbaji wa herufi unaoleta shida wakati wa kuirejesha, na alama `<` haiikubali kabisa. Mimi ilinila usiku mzima.

Sakinisha MariaDB 10.11. Ikikuuliza poti, yaani namba ya mlango wa kuifikia hifadhidata, weka 3307, maana 3306 imekaliwa na XAMPP. Tengeneza hifadhidata tupu ya `mauzo` humo, kisha:

`mysql -h 127.0.0.1 -P 3307 -u root -p mauzo < mauzo.sql`

Kwenye `settings.py` badilisha `PORT` iwe `'3307'`, na nenosiri liwe la usakinishaji mpya. Endesha `migrate`. Kimya, hakuna kosa.

Matenga mawili tena, Hifadhi. Yameingia! Ile ya zamani usiifute kwanza, iache hata wiki. Mwenye machungwa huyo anapiga, ngoja nimpokee.