Ngoma ya Tantini

MADO: Karibuni tena. Leo Patou ana macho mekundu, na ninyi wa Katuba mnajua sababu, maana kelele za familia yake zilifika mpaka kwenu.

PATOU: Yaya, usianze. Jumanne nilimpeleka tantini kwa munganga wa masikio. Akachukua kile chuma chenye vidole viwili, akakigonga, akakileta mbele ya sikio: tantini kimya. Akakibandika kwenye mfupa wa nyuma ya sikio: tantini akaruka, "Nasikia!" Munganga akaandika: otospongiozi, ugonjwa unaopunguza kusikia.

MADO: Na karatasi ikamwangukia mume wake, Tonton.

PATOU: Njo vile. Bila miwani, akasoma osteoporozi. Jioni kundi la WhatsApp linawaka: mifupa ya tantini imetoboka, asibebe ndoo, asipande pikipiki. Asubuhi yakaingia maziwa ya unga, ndagala, sufuria nzima ya makongoro. Binamu mmoja akaleta vidonge vya kalisiamu, kavitoa kwenye mkoba wa mama mkwe wake.

MADO: Mama mkwe anajua?

PATOU: Sasa anajua. (Wanacheka.)

MADO: Tantini mwenyewe alisema nini?

PATOU: Alisema, lakini nani alimsikia? Unajua anavyoongea chini chini.

MADO: Hiyo nayo ni dalili. Sauti yake inampitia kwenye mfupa wa kichwa, anaisikia kubwa, basi anaishusha.

PATOU: Lakini kuna kitu Tonton hakimezi. Nyumbani unamwita, haitiki. Panda naye taksibasi ya kwenda mjini, injini inalia, muziki uko juu, kijana wa mlangoni anaita abiria, na yeye anadaka kila neno! Hata bei ya makala ya kupikia wanayosema watu wa kiti cha nyuma. Tonton anasema ni maigizo, anakwepa kuombwa pesa.

MADO: Tonton amwombe radhi. Penye makelele watu wote wanapaza sauti, na yale makelele yenyewe hayamsumbui yeye kama yanavyotusumbua sisi. Mwaka 1672 munganga Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mwanamke aliyeweza kuzungumza na mume wake pale tu ngoma ilipopigwa chumbani.

PATOU: Ngoma?

MADO: Ngoma. Mtumishi wa nyumba ndiye alikuwa anaipiga.

PATOU: Yaya, sisi tunampata wapi mpiga ngoma? Tonton hata nauli hatoi! Saa nne ya usiku anataka kumwuliza mke wake ufunguo uko wapi, anamwamsha kijana: "Piga!"

MADO: Na jirani naye anapata habari za ufunguo.

PATOU: Mtaa mzima! Siku wakigombana tutacheza mpaka asubuhi.

MADO: Sufuria ya makongoro si ipo? Wapige hiyo. (Kicheko kirefu.) Bon, turudi.

PATOU: Turudi, ila mimi namtetea Tonton. Hakukosea sana. Huu ni ugonjwa wa mfupa.

MADO: Wa sikio.

PATOU: Kinachougua ni nini? Sikio lina vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina milimita 3 hivi. Mfupa mpya unaota pale kinapogusana na sikio la ndani, unakibana, hakitikisiki tena, sauti haivuki. Mfupa, Yaya!

MADO: Na anautibu nani? Munganga wa masikio. Osteoporozi ni mfupa kupungukiwa, unaanguka kidogo nyonga inavunjika. Nyonga ya tantini ina shida gani? Kalisiamu italegeza kikuku?

PATOU: Sijasema inatibu. Nasema mfupa ni mfupa.

MADO: Basi mtoto mwenye otiti, usaha unatoka, ukienea mpaka mfupa wa nyuma ya sikio, huyo naye anaumwa mfupa?

PATOU: Ndiyo!

MADO: Umeanzia sikioni!

PATOU: Na umefika mfupani!

MADO: Patou, ukipotea njia unashukuru kwamba angalau ni barabara?

PATOU: Nashukuru, ndiyo. Sibadilishi.

MADO: Na mimi sibadilishi.

PATOU: Tulipanga mambo matatu leo: maswali ya kumwuliza munganga, karatasi isomwe na nani, na...

MADO: Umeme umekatika, betri iko nyekundu. Sema matibabu tu, haraka.

PATOU: Kuna opereshini. John Shea, Mmarekani, mwaka 1956 alitoa kikuku akaweka cha bandia, na mpaka leo wanafuata njia hiyo. Au mashine ya kusikia, bila kisu. Tantini amechagua mashine.

MADO: Anaogopa kisu?

PATOU: Hapana. Kaambiwa mashine ina kitufe cha kuzima. Kauliza mara mbili kama Tonton atakuwa anaona ikiwa imezim...