Shauri ni la Mwenyewe

Mhadhara kwa vijana wanaojitolea na wasaidizi wa kisheria, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze na ninyi mlioanza, au mnaotaka kuanza, kazi ya kuwasaidia na kuwatetea watu: wajane, watoto waliofanyiwa ukatili, wazee wasio na mtu, watu wenye ulemavu. Wengi mmemaliza vyuo, ajira hazijatoka, mkaona bora mjitolee kwenye mashirika ya hapa mjini. Wengine ni wasaidizi wa kisheria, mnatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nina neno moja kwenu, na mengine yote yatatoka humo: shauri ni la mwenyewe. Wewe unamsindikiza.

Nimeona mara nyingi kwenye ofisi zetu. Mama anaingia na kijana wa shirika. Afisa anauliza, "Mama, unaitwa nani?" Kijana anajibu. "Unaishi wapi?" Kijana anajibu. Swali la tatu afisa hamtazami tena mama, anamtazama kijana. Mama kakaa na pochi yake mapajani, anasikiliza maisha yake yanavyosimuliwa na mtu aliyemjua wiki iliyopita. Siku nyingine akienda peke yake anaambiwa, "Yule kijana wako yuko wapi?" Tulidhani tumemsaidia, kumbe tumemfungia mlango ambao jana ulikuwa wazi.

Kwa hiyo kabla ya kuingia ofisini, kaeni nje kwenye benchi mkubaliane. Mama, wewe ndiye utakayesema. Ukikwama nitakukumbusha. Ukitaka nizungumze mimi, utaniambia. Haichukui muda mrefu, lakini inabadilisha kila kitu.

Tuchukue mirathi, kwa sababu ndiyo inayowaleta kinamama wengi kwenye meza zetu. Mume kafariki, arobaini haijafika, shemeji kashika funguo na hati ya kiwanja. Kijana mwenye moyo akisikia hivyo damu inachemka, anataka kupiga simu polisi papo hapo. Tulia. Msikilize mpaka amalize, hata akianzia mbali, kwenye harusi yake. Kisha muulize: wewe mwenyewe unataka nini?

Majibu yatawashangaza. Yupo anayetaka nyumba yake na haki yake yote, leo. Yupo mwingine anayetaka watoto wasome, basi, wala hataki kumburuza shemeji mahakamani, kwa sababu huyo shemeji ndiye atakayekuwa walii, yaani wa kumwozesha binti yake siku ya ndoa. Hilo huwezi kuliona kwenye fomu yako. Ukimlazimisha aende vitani, ataipata nyumba na atawapoteza watu, na wewe mradi ukiisha utakuwa umehamia Dodoma. Mweleze haki yake kwa ukamilifu, usimfiche chochote, halafu mwache achague.

Akichagua mahakama, hapo sasa ujue kazi. Kwa watu wetu wengi ni mahakama ya mwanzo. Kunahitajika cheti cha kifo, na hicho ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, si kile kibali cha mazishi ambacho watu hukitunza wakidhani ndicho. Kuna barua ya serikali ya mtaa. Kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, na hapa ndipo wajane wanapozungushwa: ndugu wanakataa kukaa, mwezi unapita, mwaka unapita. Mwambieni mama kwamba kikao cha ukoo hakikuwekwa ili kumpa shemeji kura ya turufu. Anaweza kwenda kufungua maombi ya usimamizi wa mirathi na kumweleza hakimu kwamba ndugu wameitwa, wamekataa. Mahakama itatoa tangazo, mwenye pingamizi atajitokeza, na shauri litasikilizwa.

Kisha siku ya uteuzi inafika, msimamizi anatajwa, sisi tunapiga makofi, tunaandika ripoti, tunafunga faili. Hapo ndipo tunapowaacha watu njiani. Msimamizi wa mirathi si mrithi! Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kufunga. Tangu ateuliwe ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Wangapi kati yetu humpigia mama simu mwezi wa tatu kumuuliza, orodha imepelekwa? Shemeji aliyeteuliwa kihalali na asiyefuatiliwa na mtu anaweza kuiuza nyumba akiwa na karatasi ya mahakama mkononi.

Ndiyo maana nawaomba mumnunulie mama daftari dogo la shule. Kila aendako aandike tarehe, ofisi, aliyemhudumia, alichoambiwa, na siku aliyoambiwa arudi. Kama hajui kusoma, mwanawe ataandika jioni. Ofisini neno "njoo kesho" husemwa kirahisi kwa mtu asiye na kumbukumbu. Mama anapofungua daftari na kusoma, "Tarehe kumi na mbili uliniambia nije leo," anasikilizwa kwa namna nyingine kabisa, na hakuna shirika lililoongea hapo. Kaongea mwenyewe.

Na nauli. Nalisema hili kwa uchungu: bajeti nyingi zina ukumbi wa semina, chai ya saa nne na posho, lakini hazina nauli ya mjane wa Pongwe kuja mjini mahakamani tarehe ikitajwa. Mashauri mengi hufa kwa kukosa nauli. Mnaoandika maandiko ya miradi, wekeni fungu hilo, na mfadhili akilikata mpiganieni.

Sasa, kuna mahali ambapo hilo la "shauri ni la mwenyewe" lina mpaka, nalo ni mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono. Hapo familia haina hiari ya kumalizana. Mnajua wote ninachokisema. Mtuhumiwa ni jirani au ni ndugu, wazee wanakaa, inatoka fedha au mbuzi, na wiki inayofuata mama wa mtoto anasema hakumbuki vizuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mahali hapo. Kila mwanajamii, pamoja na mimi na wewe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya bure, ni ya watoto.

Lakini kwanza ni afya, na hapa saa zinahesabika. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Mpelekeni hospitali ya Bombo au kituo chochote cha afya kilicho karibu. Penye kituo cha mkono kwa mkono, huduma zote atazikuta hapohapo. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ni ya bure, haiuzwi. Kama polisi ni mbali na hospitali ni jirani, anzeni hospitali. Mtoto asiogeshwe kwanza, ingawa mkono wa mama unakimbilia maji, na namwelewa kwa moyo wangu wote. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye nailoni zinabaki na unyevu, zinaoza, na ushahidi unaharibika.

Halafu acheni kumhoji mtoto. Nasema na walimu, na wajumbe, na nasema na ninyi wenye huruma kuliko wote. Kahojiwa na mama, kahojiwa na shangazi, kaja mwalimu, kaja mwenyekiti wa mtaa, umekuja wewe na daftari lako, mwisho ndiyo polisi. Kila simulizi ina neno lililohama mahali pake, na upande wa mshtakiwa mahakamani unalisubiri neno hilohilo. Sheria yetu ya ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa, hata ukiwa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Maana yake maneno ya mtoto ni mali kubwa kuliko zote katika kesi ile. Msikilize akitaka kusema, mwambie hana kosa, andika alivyosema kwa maneno yake, usimfundishe hata moja. Na usimchukue akalale kwako, hata kama nyumbani kwao si salama. Ustawi wa jamii wana utaratibu wa familia za kuaminika. Mpigie afisa usiku huohuo.

Kuhusu wazee nitapita haraka, kwa kuwa mengi mnayajua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na matibabu bure kwa asiyejiweza yamo humo. Tatizo ni kitambulisho, na kitambulisho ni kufuatilia kwa mtendaji wa kata. Kwa watu wenye ulemavu, kumbukeni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mkimpeleka kiziwi kuuliza mkopo, pelekeni na mkalimani wa lugha ya alama, na mwongee naye yeye, msiongee na mkalimani.

Picha. Hili linaniumiza. Bibi wa watu kapewa kilo tano za unga na sabuni, kazungukwa na vijana kumi wenye fulana za shirika, anaambiwa atabasamu. Kabla ya magharibi picha imefika kwenye makundi ya WhatsApp, na mkwewe wa Korogwe keshaiona. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiriana. Chakula kilipelekwa kwa jirani kimefunikwa kawa, usiku, kwa mlango wa nyuma. Leo pia kuna sheria, ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2022. Ridhaa inayoombwa huku mfuko wa unga uko mkononi mwako si ridhaa. Mpe unga kwanza, rudi siku nyingine, umuulize picha. Akikataa, mwambie mfadhili kwamba bibi amekataa.

La mwisho ni mradi unapoisha, na utaisha. Mtu asije akagundua siku amekuta ofisi imefungwa. Mwambie miezi kabla. Kaa naye, pitieni faili, kila karatasi halisi abaki nayo yeye, nakala zibaki kwenu. Andika barua ya kumkabidhi kwa afisa ustawi wa jamii, na siku ya kukabidhi uwe naye, waonane uso kwa uso, wapeane namba za simu. Mashauri ambayo hayajaisha, mtafutieni msaidizi wa kisheria wa kata yake, ambaye haendi popote.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mirathi. Karibu mama, simama pale tukuone, tueleze mwenyewe.